Naona, Nadhani, Ikawa

Siku yangu ya kwanza kazini Mbulu sikuuona mji. Nilishuka kwenye basi asubuhi, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye mabati ya maduka, na watu walikuwa wanatokea humo na makoti yao marefu, wananisalimia, wanapotea tena. Mimi ni mtu wa Tabora, nimekulia kwenye joto, na koti sikuwa nalo. Niliuliza ofisi ya mifugo kwa watu watatu, na wote watatu walininyooshea kidole kwenye weupe uleule. Mwishoni nilifika kwa kunusa. Dawa ya josho, ile ya kuogeshea ng'ombe ili kupe wafe, ina harufu yake, na harufu hiyo ndiyo iliyonifikisha mlangoni.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mkiwa na pikipiki na simu, na mkiniita bibi. Sina ugomvi na pikipiki.

Mkuu wangu wa kwanza alikuwa Daktari wa Mifugo wa Wilaya, mwanaume mrefu aliyeongea taratibu kiasi kwamba ulidhani amemaliza kumbe bado. Nilimwamkia, akaitikia, akaipokea barua yangu ya ajira na kuiweka mezani bila kuifungua.

"Chuoni wamekufundisha magonjwa mangapi, binti?"

"Mengi, daktari."

"Yaache hapa kwenye kiti, tukitoka utayachukua."

Akanipeleka nyuma ya ofisi. Kulikuwa na zizi dogo, na ndani yake mtamba mmoja mwekundu, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, amesimama ameinamisha kichwa. Daktari akanipa daftari dogo la kuingia mfukoni na penseli iliyofungwa kwa uzi. Kifutio cha penseli ile kilikuwa kimekatwa kwa wembe. Akaniamuru nifungue ukurasa wa kwanza na kuandika maneno matatu, kila moja kwenye mstari wake. Naona. Nadhani. Ikawa.

"Kwenye Naona unaweka kile ambacho hata mpita njia angekiona," alisema. "Kwenye Nadhani unaweka cha kwako wewe. Elimu yako, harufu uliyoisikia, woga wako, chochote. Ukishaandika ndipo uje uniulize mimi. Ukija hujaandika, sikujibu. Ikawa utaijaza ukishajua mwisho wake."

"Na nikikosea, daktari?"

"Utakosea sana. Ndiyo maana nimekata kifutio."

Nikaandika. Naona: machozi, tezi limevimba chini ya sikio, anahema kwa shida. Nadhani: ndigana kali. Huo ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Daktari akasoma, akanirudishia daftari.

"Mimi nilidhani ni mapafu," akasema. "Haya, tungoje."

Ikawa ndigana kali. Naye aliniambia mwenyewe, mbele ya karani na mhudumu wa josho, kwamba binti wa Tabora amemshinda. Nilikuwa na umri wa kuchekwa na kila mtu, na mtu yule mkubwa akanipa ushindi hadharani. Usiku na mchana nikalipenda daftari lile.

Jambo jingine la kuwaambia ni kwamba wananchi waliniita bwana mifugo tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu. Cheo kilikuwa cha bwana, basi, aliyekikalia awe nani. Sikuwahi kuwasahihisha. Nilikuwa na mambo ya maana zaidi ya kubishania.

Kituo changu cha pili kilikuwa Yaeda Chini. Lori lilinishusha hadi pale barabara ilipochoka, nikamalizia kwa miguu na boksi la chanjo kichwani. Mpaka leo nikisinzia mchana naliona bonde lile. Naona ardhi yake nyeupe ya chumvi wakati wa kiangazi, na ng'ombe wanaokuja kwa mbali bila sauti, miguu yao haionekani kwa sababu ya mvuke wa joto, kana kwamba wanaogelea. Halafu sauti za njuga zinafika, halafu vumbi, halafu ndio wenyewe. Kila kitu huko kilifika kwa zamu yake, na mimi nilijifunza kusubiri.

Siku moja mama mmoja wa Kidatoga aliniita kwenye ndama aliyechechemea. Niliandika: paja limevimba. Mama yule hakujua kusoma, lakini aliona nimeandika upesi mno. Akanishika mkono, akauweka juu ya uvimbe.

"Bonyeza," akaniambia. "Sikiliza kwa vidole."

Nilibonyeza. Chini ya ngozi kulikuwa na mlio mdogo, kama majani makavu yanavunjika. Hiyo ndiyo chambavu, ugonjwa unaojaza nyama hewa na kuua mnyama aliyenona kwa siku moja. Kitabuni nilikuwa nimeusoma, lakini vidole vyangu vilikuwa havijasoma chochote.

Yaeda hakukuwa na wa kumuuliza. Kumwona daktari kule juu Mbulu ilikuwa safari ya siku mbili, na mnyama hakungojei siku mbili. Kwa hiyo mstari wa pili wa daftari langu ulinenepa. Nilikosea, nikaandika Ikawa kwa uchungu, nikakosea tena pungufu kidogo. Daktari alistaafu nikiwa bado kule bondeni. Alinitumia salamu kupitia dereva wa lori: mwambieni asinunue kifutio.

Miaka ikaenda hivyo, kituo hadi kituo, na mwishowe nikahamishiwa Hanang, kata ya Gitting. Ndiko niliko hadi sasa, na ndiko nitakakozikwa. Asubuhi mlima unavaa wingu, saa nne unalivua, na mashamba ya maharage yanang'aa kwa umande. Nilipofika sikuwa na ndugu. Jirani yangu Bura na mkewe Mama Neema walinikatia kipande cha shamba nyuma ya nyumba yangu, wakanipa mbegu, na kila msimu Bura alikuja na maksai wake wawili kunilimia. Maksai ni dume aliyehasiwa, anayefunzwa kuvuta plau. Hawa wa kwake walijua kona zote za shamba langu kuliko mimi. Bura alikuwa akiimba polepole nyuma yao, wimbo wa Kiiraqw ambao sikuwahi kuuliza maana yake, na mimi nilikuwa nakaa kizingitini nikisikiliza mpaka chai inapoa.

Huko Gitting ndiko simu janja ilikonikuta. Mkuu wetu wa wakati huo, Afisa Mifugo wa Wilaya, alikuwa kijana msafi na mwenye adabu. Aliniamkia kila tulipoonana, ingawa cheo chake kilikuwa juu ya changu.

"Mama, tumefungua grupu," aliniambia. "Kuna wataalamu wa mikoa mingi mle. Ukikwama, piga picha tu, tuma."

Alisema ukikwama. Neno hilo nalikumbuka vizuri, na yeye hana kosa lolote.

Mwanzoni nilituma nilipokwama. Baadaye nilituma ili nisije nikakwama. Jibu lilikuja kabla sijafungua penseli, na lilikuja na majina ya dawa na vipimo vyake, na watu wengine mle ndani wakaweka vidole gumba. Utamu ulioje! Miaka yote nilibeba Nadhani yangu peke yangu, sasa kulikuwa na watu mia wa kunipokea mzigo. Daftari nililiacha kwenye mfuko wa koti, koti likakaa msumarini. Wananchi nao walifurahi. Nikifika kwenye zizi walikuwa hawaniangalii mimi tena, wanaangalia simu. Mtu ananiuliza: "Imesema nini?"

Sikuona kitu kibaya. Nilikuwa naona raha, niseme kweli.

Ilikuwa msimu wa kulima. Asubuhi, jua limeshatoka, Mama Neema alikuja mlangoni kwangu bila kubisha hodi.

"Bwana mifugo, njoo. Maksai ameanguka."

Alikuwa yule wa kulia, mweusi mwenye baka jeupe tumboni. Amelala ubavu karibu na uzio wa maharage, tumbo limejaa, anahema kwa kukata. Uzio ulikuwa umevunjwa. Bura alinionyesha alipoingilia. Alikuwa amekula maharage mabichi yenye umande, na kila mkulima anajua majani mabichi yanaweza kumjaza ng'ombe gesi hadi kumuua.

Nilichuchumaa kichwani. Kwenye tundu moja la pua kulikuwa na damu. Kidogo tu, ungeweza kuifuta kwa ncha ya kanga. Ilikuwa nyeusi, nyepesi, na haikuganda. Nikaiangalia nikahesabu moyoni, haikuganda. Na mwili wangu wote, kuanzia nyuma ya shingo, ukasema neno moja: kimeta.

Kwa msiojua, kimeta ndicho ugonjwa ambao mzoga wake haufunguliwi kabisa. Ukimpasua mnyama wa kimeta, ugonjwa unatoka na damu, unaingia kwa mtu kupitia mkwaruzo wowote, na unabaki ardhini muda mrefu kuliko maisha ya mtu. Anafukiwa mzima, na ngozi yake, na pembe zake, chini sana.

Mama Neema alikuwa analia. Halii kwa kelele, machozi tu yanamtoka huku anamfukuza nzi kwenye jicho la maksai. "Basi angalau nyama isipotee," alisema. "Tumchinje kabla hajafa. Bwana mifugo, sema."

Kuna kitu tunaita kuchinja kwa dharura. Mnyama aliyeumia anachinjwa mapema, bwana mifugo akiwepo na kuruhusu, ili watu wasipoteze vyote. Neno ni la bwana mifugo.

Nikatoa simu.

Nilipiga picha nikiwa upande wa tumbo. Likaonekana vizuri, limevimba, na nyuma yake uzio uliovunjika na maharage yaliyoliwa. Pua haikuonekana. Nikaandika: maksai, amekula maharage mabichi, amejaa. Kuhusu damu sikuandika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani nilichagua picha iliyofanana na jibu nililolitaka, kwa sababu rafiki yangu alikuwa analia.

Jibu lilikuja kabla Bura hajamaliza kunoa kisu. Lilitoka kwa mtaalamu mmoja ambaye sijawahi kumwona, sijui hata yuko mkoa gani. Hiyo ni gesi. Kama hawezi kuinuka, chinjeni mapema.

Nilituma tumbo, nikapata jibu la tumbo.

"Imesema nini?" Bura akauliza.

"Imesema gesi. Mchinje."

Alimchinja. Damu ikatoka nyeusi, ikatandaa, ikakaa hivyohivyo. Nilisimama nikiiangalia kama mtu aliye ndotoni, anayetaka kupiga kelele na sauti haitoki. Bura akafungua tumbo, akaingiza mkono wa kulia hadi kwenye kiwiko, akatoa bandama. Lilikuwa kubwa mara tatu ya kawaida, limelegea, linachuruzika kama uji mweusi.

Hapo sauti ikatoka. "Acha! Bura, acha, ni kimeta! Toeni watu!"

Hakuna aliyeonja nyama. Tulifukia kila kitu, mpaka udongo uliolowa, na juu tukamwaga chokaa. Bura nilimwosha mikono mwenyewe kwa maji na sabuni, nikasugua mpaka akanicheka. Alikuwa na mkwaruzo mmoja, alioupata asubuhi hiyo akivuta mti wa uzio. Nikampeleka zahanati na bodaboda siku hiyohiyo, akapewa dawa. Lakini kimeta kilishaingia. Kidonda kilitokea kwenye kifundo cha mkono, hakiumi, katikati cheusi kabisa, na mkono ukavimba hadi begani. Alilazwa hospitali wiki nyingi. Kuna siku mbili Mama Neema alinipigia simu kuniambia tuombe tu. Mimi niliomba, na sikumwambia nilichokuwa nakiombea zaidi ya uzima.

Bura alipona. Mkono ulipona na kovu lililovuta mishipa, vidole vya kulia havifungi. Plau hakuishika tena. Maksai aliyebaki waliuza, maana mmoja halimi.

Kijiji kizima kilisema simu ilidanganya. Mtendaji alisema hivyo kwenye mkutano, Mama Neema aliwaambia wanawake wenzake kanisani, Bura mwenyewe alisema akiwa kitandani: "Usijisumbue, bwana mifugo, ni simu ilikosea." Na mimi nilinyamaza. Nasema hapa wazi, nilinyamaza kwa miaka. Niliaibika kuliko nilivyowahi kuaibika maishani, na aibu ile niliimeza kila asubuhi na chai.

Nililitoa koti msumarini. Daftari lilikuwa na vumbi. Nikafungua, nikaona tarehe za zamani zinafuatana vizuri, kisha ukurasa mtupu. Siku ya maksai wa Bura haimo. Nikauacha ukurasa huo hivyo, nikaanza upya unaofuata.

Ilikuwa karibu na kustaafu kwangu ng'ombe wa mwenyekiti wa kitongoji alipokutwa anakata roho, siku mbili kabla ya sherehe ya kipaimara cha binti yake. Watu walishafika na sufuria. Niliandika kwanza. Naona: tumbo limejaa, miguu imelegea, damu kidogo kwenye njia ya haja kubwa. Nadhani: kimeta. Ndipo nikatuma kwenye grupu, safari hii kila kitu, na nyuma, na damu. Wakajibu kwa uungwana kwamba picha haitoshi, huenda ni gesi, nitumie akili yangu. Hapo ng'ombe alikuwa ameshakata roho.

"Anafukiwa," nikasema.

Mwenyekiti alinijia juu. "Simu imesema huenda ni gesi! Umeisoma mwenyewe! Wewe ni nani kuliko wataalamu wote hao?"

"Mimi ndiye niliyepo."

Watu walikuwa na njaa ya nyama na mimi nilikuwa mwanamke mzee mwenye penseli. Ningeshindwa. Lakini Bura akatoka nyuma ya watu, jembe ameliweka kwenye bega la kushoto. Akachagua mahali mbali na kisima, akaanza kuchimba kwa mkono mmoja, akibana mpini na kiwiko cha ule mbovu. Alichimba vibaya, udongo ulikuwa unamrudia miguuni. Baada ya muda mtu mmoja akaona haya, akaenda kumpokea. Halafu mwingine.

Nilichukua tone la damu kwenye sikio, nikalituma maabara kwa basi. Kichupa kilivunjika njiani. Kwa hiyo sikupata jibu, na sitalipata. Mwenyekiti mpaka leo anawaambia watu nilimfukia ng'ombe mzima. Kwenye Ikawa niliandika: hakuna aliyeugua. Vijana, mstari huo hautawapa sifa kwa mtu yeyote. Andikeni hivyohivyo.

Siku ya kuniaga walinizawadia simu mpya. Wote tulicheka, na mimi nilicheka zaidi. Naitumia kuongea na wajukuu Tabora, na nikipata picha ya ng'ombe kutoka kwenu naijibu kwa swali: umeandika nini kwanza? Najua mnanichukia kidogo.

Siku hizi asubuhi nakaa kizingitini, mlima ukiwa ndani ya wingu lake, na mara nyingine nasikia wimbo wa kulima mahali pasipo na plau. Bura huja kunywa chai. Yule mtu hawezi kunipa kitu kwa mkono wa kulia, iwe kikombe au chumvi, na kwa kuwa kumpa mtu mzima kitu kwa kushoto ni utovu wa adabu, kila mara anasema "samahani mkono". Kila siku. Miaka yote hiyo ananiomba mimi radhi kwa ajili ya mkono ule.

Wiki iliyopita nilishindwa kuendelea. Kabla hajaja nilifungua ule ukurasa mtupu, nikaandika. Naona: damu puani, nyeusi, haigandi. Nadhani: kimeta. Ikawa: mkono wa Bura. Alipokaa nikampa daftari.

Alisoma akifuata kwa kidole cha kushoto. Alisoma tena. Chai yake ikatoa mvuke mpaka ukaisha.

"Kwa hiyo haikuwa simu," alisema.

"Simu haikuiona pua. Sikuionyesha. Mimi niliiona."

"Ulijua."

"Nilidhani. Na sikusema. Nisamehe, Bura."

Alitazama shamba langu la maharage, ambalo sasa linalimwa na trekta la kukodi. Nilidhani atanyanyuka aende zake, na ningemwelewa. Wingu lilianza kuachia mlima, upande wa chini kwanza.

Halafu akalifunga daftari, akanirudishia kwa mkono wa kushoto.

"Samahani mkono," akasema, kama kila siku.

Nikalipokea kwa mikono miwili.